Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: baipasi ya baba haikuishia kwenye mlango wa wodi

Waheshimiwa wa wizara ya afya, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na nyie mnaopanga bima ilipie nini na isilipie nini, shikamooni.

Mimi ni binti wa mzee mmoja wa Manyoni, Singida, mstaafu wa reli, ana miaka 71. Mwaka jana mwezi wa kumi alifunguliwa kifua Dar es Salaam akafanyiwa baipasi, ule upasuaji wa moyo wa kupitisha damu pembeni ya mishipa iliyoziba, mishipa mitatu kwa mpigo. Yupo hai, anatembea, juzi tu kanifokea kwenye simu kwamba naongea haraka haraka kama nakimbizwa. Naanza na hilo ili mjue siandiki kwa uchungu wa msiba. Naandika kwa sababu ya zile wiki 12 baada ya kutoka wodini, wiki ambazo karibu zimmalize, na kila nilipogeuka kutafuta msaada nikakuta hazina mwenyewe. Waliompasua walishamaliza kazi yao, na waliifanya vizuri Mungu awalipe, zahanati ya kwetu haijawahi kuona mtu wa baipasi, bima inasema mgonjwa ameshatoka, basi tukabaki sisi, mimi na mama na mdogo wangu anayeendesha boda, sisi ndo tukawa wodi.

Hospitali sitaitaja, zahanati sitaitaja, wala sitaki muuguzi yeyote aitwe kuhojiwa kwa ajili ya barua hii, maana kuna wauguzi walinisaidia mambo ambayo hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Naongea na nyie mnaoweza kuyageuza yakawa utaratibu.

Ilianza hivi. Mzee alikuwa akitembea kwenda shamba anasimama njiani, anasema kifua kinabana kama kimefungwa kamba, akipumzika kinaachia. Sisi tukatibu vidonda vya tumbo miezi na miezi, omeprazoli, magnesiamu, mpaka majani ya shangazi, kwa sababu maumivu yalikuwa yanakaa kwenye chembe cha moyo, na kwetu mtu akisema chembe cha moyo kinauma anaulizwa umekula nini. Jina lenyewe lina moyo ndani yake na hakuna aliyefikiria moyo. Baba ana kisukari zaidi ya miaka 10, na presha, nimekuja kujua baadae kwamba mwenye kisukari moyo wake unaweza kuumia bila dalili kubwa. Daktari mmoja kijana hospitali ya wilaya ndo aliyesema huyu mzee apigwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, leo leo, na kuanzia hapo ni rufaa mpaka Dar.

Kule wakampitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha, tukaoneshwa kwenye skrini, mishipa mikubwa mitatu yote imebana na mmoja umebaki kama uzi. Tukauliza si mmuwekee tu stenti, kile kijibomba cha waya kinachotanua mshipa kwa ndani, maana tulisikia mtu anawekewa leo kesho yupo nyumbani. Yule daktari akavuta kiti akakaa na sisi, akasema kwa mtu mwenye kisukari ambaye mishipa mingi imeziba hivi baipasi inampa miaka zaidi kuliko stenti na inampunguzia shambulio la moyo, ila ni kazi kubwa, umri umeenda, figo na mapafu lazima viangaliwe kwanza, kiharusi kinaweza kutokea mezani, na sukari itasumbua kidonda. Alimwambia baba mwenyewe, sio sisi pembeni. Baba akauliza sasa mnazibua vipi, akajibiwa hatuzibui mzee, tunachukua mshipa nyuma ya mfupa wa kifua na mwingine mguuni tunaushona damu ipite pembeni ya palipoziba. Baba akakaa kimya alafu akasema, kumbe mnanijengea lupu, ile reli ya pembeni ya treni kupishana. Miaka 30 ya reli, akaelewa kuliko sisi wote.

Kuna kitu yule daktari alisema ambacho ndo msingi wa barua hii, naomba msikiruke. Ule mshipa wa kifuani unadumu sana, baada ya miaka 10 karibu 9 kati ya 10 bado inapitisha damu. Ile ya mguuni sivyo, ndani ya miaka hiyo hiyo 10 karibu nusu inaweza kuwa imeziba. Na kinachoamua kwa sehemu kubwa ni mambo yanayotokea nyumbani, aspirini kila siku, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, sukari, presha, sigara, kutembea. Yani mabingwa wanasimama masaa matano wakishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, alafu kudumu kwa ile kazi yao kunategemea kama zahanati ya kata ina kidonge au haina. Mimi ni fundi cherehani, najua maana ya kushona kitu ukakikabidhi kwa mtu ambaye hajaambiwa jinsi ya kukifua.

Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya tatu mapigo yakaanza kwenda ovyo ovyo, tukatishika, wakasema kwa wazee inatokea sana siku za mwanzo baada ya baipasi, wakampa dawa yakatulia. Ila usiku wa tatu huo huo baba akabadilika. Akaanza kuongea na kaka yake aliyefariki mwaka 1998, akasema tupo kwenye behewa, treni imesimama porini, akataka kung'oa mipira ashuke. Asubuhi alivyoniona akaniita jina la bibi. Shangazi alivyosikia akasema huyo ameshachezewa, watu wa ukoo wakaanza kupiga simu, mmoja anataka maombi, mwingine anamjua mtaalamu Tabora, na mimi ndani ya nafsi nikasema tumeleta baba mwenye akili zake tunarudi na mwingine. Muuguzi wa zamu ya usiku ndo aliyenishika bega akasema dada tulia, mzee akifanyiwa upasuaji mkubwa akili inaweza kuvurugika siku kadhaa, dawa za usingizi, kukosa usingizi, maumivu, taa zinawaka usiku kucha, mlete miwani yake, akae na sura anazozijua, umwambie leo ni siku gani na yupo wapi. Nikaomba ruhusa ya kukaa nae zaidi ya ile nusu saa ya kuangalia wagonjwa. Siku ya pili tangu hapo anauliza habari za mbuzi wake. Siku ya nne alikuwa yeye kabisa.

Sasa jiulizeni, kwa nini hilo jambo niliambiwa kwa bahati, usiku, na muuguzi mmoja mwenye moyo? Lilipaswa kusemwa kabla ya upasuaji kwa familia yoyote inayoleta mtu wa miaka 65, 70, kwamba hii inaweza kutokea, mara nyingi inapita, msiende kutafuta mchawi. Na ndugu mmoja aruhusiwe kukaa karibu na mzee siku hizo, iwe sehemu ya matibabu, isiwe hisani ya aliye zamu.

Siku ya tisa tukaruhusiwa. Karatasi kurasa mbili, Kiingereza chote, na vifupisho. Form four nimemaliza, nikatoa simu nikaanza kutafuta neno moja moja nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, wakati baba anasubiri kwenye kiti cha magurudumu na mfuko wa dawa za mwezi mmoja. Asinyanyue kitu kizito. Kizito ni kiasi gani? Hapakuandikwa. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa kisizidi kilo mbili hivi, wiki nane mpaka 12, maana mfupa wa kifua umekatwa katikati kwa msumeno ukafungwa kwa waya, na mfupa wa mzee mwenye kisukari unaunga taratibu. Akikohoa akumbatie mto. Asijivute wala kujinyanyua kwa mikono. Alale chali. Haya yote nimeyapata kwa kuuliza, ambaye haulizi ameondoka bila.

Tukapanda treni ya SGR mpaka Dodoma, na hapo niseme asante kwa kweli, kwa basi sijui ingekuwaje. Alikaa dirishani kakumbatia mto wa kijani niliomshonea, anahesabu stesheni, anasema wenzake waliokufa wangeiona hii. Dodoma tukakodi Noah, mto tukauweka kati ya mkanda na kifua, dereva akaendesha polepole bila kuombwa mara mbili.

Nyumbani ndo tukakutana na yale ambayo karatasi haikuyajua. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kama vyoo vya wengi wanaotoka mikoani kuja kupasuliwa huko kwenu. Mzee wa miaka 71 ukimwambia asijinyanyue kwa mikono, na magoti ni ya mtu aliyefanya kazi kwenye gengi la reli, atatokaje pale chini? Siku ya kwanza alishika mti wa mlango akajivuta, akasikia kifua kinalia ka, akabaki amekaa pale anaita. Mama alimtoa akilia. Kesho yake tukaita seremala, akakata tundu kwenye kiti cha mbao, akakipigilia miguu imara, tukaweka juu ya shimo. Elfu kumi na tano na masaa mawili. Hakuna hospitali niliyoisikia inamuuliza mgonjwa wa baipasi choo chake kikoje, na hilo swali moja linaweza kuokoa mfupa uliotengenezwa kwa mamilioni.

Alafu wageni. Kwetu mtu akitoka hospitali watu wanakuja na kitu mkononi, ni upendo, na upendo wenyewe ni supu ya kichwa cha mbuzi ya kurudisha damu, mafuta yanaelea, chumvi ya kutosha. Baba hakuwa na hamu ya kula kabisa, kila kitu alisema kina ladha ya chuma, kwa hiyo akikubali kunywa kitu watu wanashangilia. Mimi nikawa ndo mbaya wa kijiji, nazuia supu. Karatasi ilisema punguza mafuta na chumvi, basi. Hakuna aliyesema mlenda sawa ila chumvi iwe kidogo sana, ugali wa mtama sawa lakini usijaze sahani kwa sababu ya sukari, maharage sawa, mafuta ya alizeti kijiko na sio kikombe. Ingekuwa imeandikwa kwa vyakula vyetu na ina mhuri wa hospitali ningeibandika ukutani, shangazi asingebishana na mhuri. Na wote walikuwa wanauliza kitu kimoja, mbona wamepasua na mguu, moyo wake ulikuwa mguuni? Mguu ulivimba wiki kadhaa kuliko hata kifua, hilo nalo hatukuambiwa kwamba ni kawaida pale walipotoa mshipa, tukakesha tunapima kwa kamba kama unaongezeka.

Wiki ya tatu, mwisho wa kovu la kifuani, pale chini, pakaanza kulowa. Kidogo tu, shati linashika. Tukaenda zahanati. Wakapaka GV, ile dawa ya zambarau, wakatoa amoksilini, wakasema rudini wiki ijayo. Siwalaumu, nani aliwafundisha? Hakuna aliyewapigia simu kuwaambia kuna mzee anakuja huko kwenu kifua kimefungwa kwa waya, mkiona unyevu wowote msikae nae. Usiku baba akapata homa. Sasa siku ile ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja alinifuata mpaka kwenye benchi akaniandikia namba yake mwenyewe nyuma ya karatasi. Nikapiga picha kovu nikamtumia WhatsApp, saa nne usiku, nikajua nimekosa adabu. Dakika haikupita nyingi akajibu kwa maswali, akikohoa mfupa unacheza? homa kiasi gani? sukari ngapi? Kipimo cha sukari hatukuwa nacho, tukaazima kwa mama mmoja wa jirani, ikasoma 19, juu mno. Akaandika msisubiri kesho, mpelekeni hospitali ya mkoa sasa hivi.

Tulifika Singida mjini alfajiri. Wakasafisha, wakamtundikia dawa za mshipa, sukari ikashushwa kwa insulini, akalala siku 11. Ilikuwa bado haijaingia kwenye mfupa. Daktari wa pale alisema ikiingia kwenye mfupa wa kifua kwa mzee mwenye kisukari, wengi hawarudi, na wanaorudi wanarudi mezani kufunguliwa tena.

Kwa hiyo uzima wa baba yangu umetokana na namba ya simu aliyonipa dada wa watu kwa huruma zake. Yeye akiwa kasafiri, simu imezimwa, au angekuwa ni mtu anayefuata kanuni kwamba namba binafsi hazitolewi, mimi leo ningekuwa naandika kitu kingine. Waheshimiwa, nchi hii imeshaonyesha inaweza. Mjamzito akizidiwa kijijini kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure, kuna mtu anapokea, anaelekeza, anatafuta gari. Wazee waliofunguliwa kifua sio wengi kama wajawazito, kazi yao ni ndogo zaidi. Namba moja, muuguzi wa moyo zamu usiku na mchana, anayeweza kupokea picha ya kovu. Mnashindwaje hapo?

Kulikuwa na huzuni pia, na hii wanaume wetu hawaisemi. Aliporudi kutoka Singida baba akawa anakaa kaangalia ukuta. Machozi yanatoka bila sababu, akisikia wimbo wa kwaya kwenye redio analia, akiona mama anabeba ndoo analia, kwa sababu ndoo ile aliibeba yeye. Akaniambia ni bora wangeniacha na moyo wangu mbovu, nilikuwa mtu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wanalima, yeye anakatazwa jembe, mama akalihamishia kwa jirani kabisa kwa sababu alishamkuta nalo mara moja asubuhi. Huzuni baada ya baipasi inawapata wengi, na mwenye huzuni haponi vizuri, anaacha dawa, anaacha kutembea. Kilichomsaidia ni kutembea. Yule muuguzi akanitumia mpango, wiki hii dakika 5 asubuhi na 5 jioni, sehemu tambarare, wiki ijayo 10, uwe unaweza kuongea huku unatembea, ukishindwa kuongea punguza. Mdogo wangu akawa anaacha boda anatembea nae. Kutoka nyumbani mpaka mwembe, kutoka mwembe mpaka kwa fundi baiskeli, mwezi wa pili akafika stesheni kwa miguu yake, akakaa pale nusu siku na wastaafu wenzake, akarudi anaongea. Nikajua amerudi.

Hicho tulichokuwa tunafanya kwa kubahatisha, kwa wenzetu ni huduma kamili. Mtu akitoka baipasi anaandikishwa kwenye programu ya mazoezi na mafunzo ya moyo, anapimwa presha anapofanya mazoezi, anafundishwa chakula, dawa, anaulizwa hali ya moyoni pia. Marekani bima ya wazee, Medicare, inalipia mpaka vipindi 36. Najua mtaniambia Marekani ni Marekani. Lakini imeshafanyiwa utafiti kwamba hata yanayofanyika nyumbani, kwa mwongozo mzuri na simu za kufuatilia, yanakaribia kabisa kufanya kazi sawa na ya hospitali. Na wa kuyasimamia mnao. Mwaka 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Mmoja wao nyumbani kwetu ni binti namfahamu toka mdogo, mwerevu, anapita kwa wajawazito na watoto kila wiki, alipita kwetu pia akamsalimia baba akaondoka kwa sababu hakuna kitu aliambiwa afanye na mtu kama yule. Mpeni karatasi moja. Aangalie kovu, apime presha, aulize dawa zipo, atembee nae mpaka mwembe.

Dawa nazo. Baba anakunywa aspirini, atovastatini ya kushusha mafuta kwenye damu, bisoprololi ya kutuliza mapigo ya moyo, na metformini ya sukari. Zahanati ina metformini, aspirini mara ipo mara haipo, hizo nyingine hakuna. Mwezi wa kwanza ulipoisha nikawa nanunua Dodoma, namkabidhi kondakta wa basi, mama anapokea barabarani. Wiki ya tano basi likaharibika njiani, mzigo ukachelewa, alafu baba na yeye akawa anameza siku moja anaacha moja ili zifike mbali, hakutuambia kwa sababu anaona pesa inavyonitoka. Siku nne bila bisoprololi kabisa moyo ukaanza kukimbia, kifua kikabana tena, wote tukajua mshipa umeziba. Kumbe dawa ile haikatwi ghafla. Jamani, hizi sio dawa za ajabu, ni za siku nyingi, za kumeza, atazimeza maisha yake yote. Mtu aliyeshapandikizwa mishipa kwa gharama ile, jina lake lifike hospitali ya wilaya kabla yeye hajafika, na dawa zake za miezi mitatu ziwe zinamsubiri pale. Tangu sera ya wazee ya mwaka 2003 tunaambiwa mzee asiye na uwezo atatibiwa bure, na dirisha la wazee lipo, baba anapishwa vizuri kwenye foleni, anafika dirishani anaandikiwa akanunue nje.

Na kliniki. Wiki ya sita tukarudi Dar. Nauli watu wawili, gesti siku mbili, chakula, nikafunga cherehani wiki nzima. Alichofanyiwa ni kupimwa presha, ECG, kuangaliwa kovu, kuongezewa dawa moja. Dakika 15. Presha, ECG na kovu vyote vingeweza kuangaliwa hospitali ya mkoa, ile ile iliyomuokoa, na bingwa akasoma akiwa huko huko Dar, siku hizi picha inatumwa kwa sekunde. Mwanangu wa darasa la sita anafanya masomo kwa simu, ECG inashindwaje kusafiri.

Sisemi hatujapiga hatua. Mwaka 2008 ndo Muhimbili walianza upasuaji wa kufungua moyo hapa nchini, kabla ya hapo ilikuwa India au kaburi, 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na leo mtoto wa mkulima anapasuliwa na Mtanzania mwenzake. Mimi hilo linanifanya nitoe machozi ya furaha. Ila ukiangalia sherehe zote, kamera zote, ni za chumba cha upasuaji. Sijawahi kuona waziri anazindua kiti cha choo.

Nilipokuwa nakesha Singida nilisoma habari za daktari aliyefungua njia ya hii baipasi ya mshipa wa mguu, René Favaloro, Muargentina, aliifanya mwaka 1967 akiwa Cleveland, Marekani. Kitu kilichonishika ni kwamba kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini huko Argentina, kwenye kijiji kidogo cha Jacinto Aráuz, karibu miaka 12. Huko aliwafundisha walimu, wakunga, mama wa nyumbani, akapanga orodha ya wanakijiji wa kutoa damu ili ikihitajika waitwe saa hiyo hiyo. Yani upasuaji huu tunaouona ni wa kileleni kabisa ulitoka kwenye mikono ya mtu aliyejua njia ya vumbi na aliyejua mgonjwa anarudi kwenye nyumba ya namna gani. Mabingwa wetu wengi nao wametoka vijijini. Wanajua choo kilivyo. Waulizeni wao, watawaambia mengi kuliko mimi.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023 na vitita, yani orodha za huduma zinazolipiwa na bima, vinapangwa na kupanguliwa. Naomba, na naomba kwa magoti, mnapoandika baipasi kwenye kitita msiandike siku ya upasuaji peke yake. Andikeni na wiki 12. Simu, fizio wa mkoa yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mhudumu wa kitongoji, vidonge, kipimo cha sukari cha nyumbani. Ukijumlisha hivyo vyote, havifiki gharama ya kumrudisha mzee mmoja mezani kufunguliwa kifua mara ya pili.

Namalizia na ujumbe wa baba, kaniambia nisisahau. Kitanda cha pembeni yake wodini alikuwepo mzee mwenzake kutoka upande wa Mpanda, amemzidi mwaka mmoja, walifunguliwa kifua wiki ile ile. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kupumua pamoja, wanashindana nani atapuliza zaidi, wakapeana namba. Kutoka Dar mpaka kwao ni mbali kuliko kwetu, na aliondoka kwa basi, na kijana aliyemfuata alikuwa kimya, hakuuliza chochote, aliweka karatasi mfukoni. Walipigiana simu wiki tano. Wiki ya sita simu ikaita bila kupokelewa, sasa hivi haiiti kabisa, na kila Jumapili baada ya kanisa baba anakaa nje anaipiga.

Orodha mnayo. Kila aliyefanyiwa baipasi nchi hii ana faili, na kwenye faili kuna jina la kijiji na namba ya ndugu. Kabla ya vikao na miongozo, mchukueni muuguzi mmoja mumpe hiyo orodha na vocha, aanze kuwapigia mmoja mmoja awaulize kovu likoje, dawa zipo, unatembea. Yule mzee wa Mpanda yumo humo. Mkimpata mwambieni yule wa reli wa Manyoni anamsalimia, na namba yake ni ile ile.